Hatua Tisa za Marehemu Fabian

Kwa miaka ishirini na sita Kornelia alipika makande ya shule huko Kibosho, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyepata upawa na nusu. Upawa mmoja, bakuli moja, pita. Watoto wake wanne walipanga foleni ile ile kwa zamu zao, na wa mwisho, Primus, alikuwa na macho ya kuombea. Alimpa upawa mmoja. Siku moja mwalimu mkuu alituma bakuli lake na kipande cha karatasi, kwamba lijazwe vizuri. Bakuli likarudi na upawa mmoja, na karatasi yake juu ya makande. Wengine walisema mama huyu ana roho ngumu, wengine wakasema ana haki. Yeye alikuwa na hesabu ya sufuria tu. Kabla ya kumwongezea mtu alijiuliza jambo moja: na wote walioko kwenye foleni wakiongezewa hivi, je, chakula kitamfikia yule wa mwisho? Kama hakimfikii, basi haongezewi mtu, awe nani.

Sasa usije ukadhani nakusimulia habari za mtakatifu. Watakatifu wana siku zao kwenye kalenda ya parokia, tuwaache huko. Kornelia ana miaka sitini na miwili, magoti mabovu na ng'ombe mmoja anayekula kuliko anavyotoa maziwa, na kwa miaka thelathini na minane alikaa juu ya ardhi ya mtu huku akijua. Mwadilifu wa upawa, mwizi wa kihamba. Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe. Alikuwa akijiambia kila asubuhi anapofagia uwanja, na alikuwa amechoka kuyasikia.

Ardhi yenyewe si kubwa. Hatua tisa upana, na urefu wake kutoka barabarani hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaoteremka toka msituni. Kwa mtu wa tambarare, hatua tisa ni pa kufungia mbuzi. Lakini huku mlimani kihamba ni shamba la migomba la kurithishana: baba amewagawia wana, na wana wakawagawia wana, hadi mtu anabaki na migomba ya kuhesabu kwa vidole. Kwa hatua tisa watu wamenyimana salamu mpaka wajukuu.

Ilikuwa mwaka themanini na sita. Jirani yao Fabian alikodi shamba la mahindi Sanya Juu, huko akaanguka kutoka kwenye trekta akavunjika nyonga, akalazwa hospitali ya Mawenzi miezi mitano. Mkewe alishinda hospitali akimlisha. Nyumbani alibaki bibi kizee asiyeona vizuri na mtoto mmoja wa kike, Winfrida, wa miaka kumi na mmoja. Fabian hakuwa na mtoto mwingine. Hapo ndipo mume wa Kornelia, Sirili, alipochukua jembe mchana kweupe, akamwambia mkewe waende wakanyooshe masale.

Huku kwetu mpaka hauwekwi kwa waya. Hupandwa masale, mmea ule wa majani marefu ya kijani usiokufa hata ukitunzwa vibaya. Na sale si mpaka tu. Mtu akikukosea, akakuletea jani la sale lililofungwa fundo, hukatai. Umeumizwa vipi, una hasira kiasi gani, hayo ni yako. Sale likishanyooshwa unalipokea na neno linakwisha. Anayelikataa, laana humgeukia yeye. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuthubutu kuyachezea masale, isipokuwa wale waliothubutu.

Kornelia alikuwa mke mgeni bado, ana miaka ishirini na minne, na Pamela, mtoto wake wa kwanza, alikuwa mgongoni. Sirili aling'oa, yeye akabeba. Sirili akachimba upya hatua tisa mbele, yeye akachota maji mfongoni akamwagilia. Aliuliza mara moja tu, Fabian akirudi itakuwaje. Sirili akamjibu kwamba Fabian hana mtoto wa kiume, kihamba hicho kitakuja kuliwa na nani, na tena hayo si mambo ya wanawake. Si mambo ya wanawake kuuliza, lakini kubeba miche ni mambo yao! Haya. Walipokuwa wakishindilia udongo, yule mtoto Winfrida akatokea kwenye migomba na ndoo yake. Akawatazama. Halafu, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasema shikamoo mama. Kornelia akaitikia marahaba, na mikono yake ina udongo wa kwao mtoto huyo.

Fabian alirudi kwa magongo. Alisimama akayatazama masale siku nyingi, kisha akauliza. Sirili akamwambia masale yako palepale, ila yeye ndiye amekaa sana hospitali. Na mtu wa magongo atapima hatua na nani? Miaka minne baadaye Fabian akafa. Mkewe akamfuata. Winfrida akaolewa Sanya Juu, na masale yakanenepa mahali papya kana kwamba yalizaliwa pale.

Miaka sita iliyopita Sirili naye akaugua, na alipoona hachomoki akataja mahali pa kuzikwa: kule ukingoni, karibu na masale. Watu walisema mzee anapenda kivuli cha pale. Kornelia alielewa sana. Huku mlimani kaburi ni hati. Nani atasogeza mpaka juu ya maiti ya mtu? Angeweza kusema wakati ule. Alikuwa na kilio nyumbani, mbege, pombe ya ndizi ya wageni, ya kuangalia, padre anasubiriwa, na alikuwa amechoka. Alinyamaza. Wakamzika mumewe hatua sita ndani ya kihamba cha Fabian, yeye akatupa udongo wa kwanza.

Basi, mambo yangeweza kulala hivyo hadi Kornelia naye azikwe. Lakini Primus, ambaye ni kitinda mimba na ndiye mrithi wa nyumbani kwa mila yetu, alianza kujenga. Primus hupandisha wageni mlimani, kazi ya kuumiza mapafu. Misimu saba alikuwa akiweka kidogo kidogo, na mwaka jana akachimba msingi wa nyumba ya vyumba vitatu. Wapi? Kwenye zile hatua tisa, maana ndipo penye uwazi. Mwaka huohuo Winfrida alikuwa amerudi nyumbani kwa marehemu baba yake, ndoa imemshinda, anauza mboga. Alipoona mtaro wa msingi umekata mizizi ya mibuni ya baba yake hakugomba na mtu. Alivaa viatu, akaenda kata kulalamika. Barua ya wito ikaja kwa jina la Kornelia, kwa sababu mahakama ya mwanzo ilimteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi ya Sirili. Mkono wake ndio wenye kusaini.

Jumapili, baada ya misa ya pili, ukoo ukakutana uwanjani kwake. Stella, mke wa Primus, akaleta mtori. Primus alikuja na maneno aliyopewa na rafiki yake mmoja wa mjini aliyesomea sheria. Alieleza kwa utulivu kabisa. Dai la ardhi lina muda wake, miaka kumi na miwili, na hapa imepita mara tatu. Baraza la kata siku hizi ni la kupatanisha tu, haliwezi kumlazimisha mtu. Winfrida hana shahidi wala karatasi, ana kumbukumbu za utotoni, na hizo hazipimwi kwa futi. Mama yake asiseme uongo, hakuna aliyemwomba uongo. Anyamaze tu.

Primus hakujua. Hilo Kornelia alilifahamu, na ndilo lililomchoma zaidi. Mtoto alikuwa anatetea kwa nia safi kitu alichoibiwa mwingine kabla yeye hajazaliwa. Akaona ni afadhali aseme hapohapo. Akawaambia, kwa maneno machache, kwamba masale yalihamishwa.

Stella akaweka sahani chini. Primus alimtazama mama yake kwa muda, kisha akamgeukia baba yake mdogo, Aloisi, kana kwamba atapata jibu lingine huko.

Aloisi ni mdogo wake Sirili, mzee wa mdomo mtamu anayeheshimiwa katika kila msiba. Hakushtuka hata kidogo, na kutoshtuka kwake kulitosha kuonyesha kwamba alijua siku zote. Akasema shemeji asijitese. Nani kwenye mteremko huu hajasogeza masale? Wa juu kamsogezea wa chini, wa chini kamsogezea wa mfongoni, mwisho wa yote wamelingana.

"Kila mtu akisogeza masale, shemeji," Kornelia akasema, "sale litakuwa na kazi gani? Si tutakuwa tumepanda majani tu?"

Aloisi akacheka kwa pua. Akasema haya, kama ni moyo unaosumbua, mila ina dawa yake. Kornelia achukue jani la sale, alifunge fundo, ampelekee Winfrida kabla ya siku ya baraza. Asieleze mengi. Aseme anaomba msamaha kwa yote, ya kale na ya sasa. Winfrida ni mtoto wa hapa, hawezi kulikataa sale. Akishalipokea, hana kesi tena, ataifuta mwenyewe. Kaburi litabaki, msingi utabaki, na Kornelia atakuwa ameomba msamaha kama Mkristo. Anataka nini zaidi?

Wote wakamwangalia. Na Kornelia, nakwambia kweli, akakubali. Si kwa tamaa. Kilichomchukua ni uchovu, maana uchovu humfanya mtu aone kila mlango uliofunguliwa kuwa ndio wenyewe. Siku ya pili yake alikata majani ya ng'ombe, akakamua, akajifunga khanga, akachukua lile jani alilofungiwa fundo na Aloisi, akaenda.

Winfrida alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mnafu wa kupeleka sokoni. Aliposikia hodi akainua uso, na kabla hata ya salamu macho yake yakaangukia kwenye jani. Akasimama. Akajipangusa mikono kwenye sketi, pande zote mbili, kwa utaratibu, namna mtu anavyojitayarisha kupokea kitu ambacho hana ruhusa ya kukiacha. Uso wake ulizima palepale.

"Shikamoo, Mama Pamela. Hilo sale ni la nini?"

"Marahaba, mwanangu. La amani."

"Niambie kwanza tumekosana nini."

Kornelia alikuwa ameyakariri maneno ya Aloisi njia nzima. "Ni kwa yote," akasema.

Winfrida akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Ukininyooshea nitalipokea," akasema. "Baba alinilea hivyo. Nitalipokea, na keshokutwa nitaenda kuifuta kesi. Lakini sitakuwa nimesamehe mimi. Nitakuwa nimeshikwa mkono nikasamehe, na sijui hata ni nini."

Kornelia akabaki amesimama pale na jani lake. Alimwona mwanamke wa karibu miaka hamsini aliyevaa sketi yenye madoa ya mboga, na akaelewa alichotumwa kufanya. Mara ya kwanza walimchukulia ardhi bila kumuuliza, kama vile kwao hapakuwa na mtu. Sasa walikuwa wanakuja kumchukulia na ule moyo wake wa kusamehe, tena kwa kitu kilekile anachokiheshimu, wamgeuze kuwa jembe la kulimia amani yao. Msamaha ni mali ya aliyekosewa. Ukimfunga mikono ndipo uuombe, umemwibia mara ya pili. Na wizi huu wa pili ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Sirili hakuwepo wa kusingiziwa.

Akalirudisha jani ndani ya khanga.

"Basi usilipokee," akasema. "Jumatano njoo kata. Nitasema mbele ya watu ni nini."

Alirudi kwake, miguu inamuuma, na hakumwambia mtu. Aloisi alipopita jioni kuuliza kama mzigo umefika, alimjibu kwamba umerudi. Akamwacha amesimama, akaenda kumpa ng'ombe maji.

Jumatano ofisi ya kata ilijaa kuliko kawaida, maana habari huku hazihitaji gari. Winfrida alisema aliyonayo: alikuwa mtoto, aliona masale yakipandwa, tena aliwasalimu waliokuwa wakipanda. Wajumbe wakamuuliza shahidi wake ni nani. Akasema hana. Primus akasimama akazungumza vizuri, muda, msingi, kaburi la baba, kila kitu mahali pake. Hakutamka hata neno moja la uongo. Alikuwa ameshaambiwa kweli siku tatu zilizopita, na aliizunguka kwa uangalifu mkubwa, wala hakumtazama mama yake. Mwenyekiti wa baraza, mtu mpole anayependa mambo yaishe kabla ya saa sita, akamuuliza Kornelia kama anaungana na maelezo ya mwanawe. Aseme ndiyo, waandike.

Kornelia alishika kiti cha mbele yake ndipo akainuka, kwa sababu ya magoti.

"Masale tuliyahamisha sisi," akasema. "Marehemu mume wangu alichimba, mimi nilibeba miche. Ni hatua tisa, kutoka barabarani hadi mfongoni. Mume wangu nimemzika ndani ya kihamba cha Fabian, na siku namzika nilijua."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Alimweleza, kwa upole tu, kwamba baraza lake haliwezi kumlazimisha, kwamba muda umepita mno, kwamba hata wilayani huenda angeshinda. Alitaka tu mama aelewe kwamba hakuna anayemshurutisha. Anaweza kwenda kufikiri, akarudi wiki ijayo.

"Mngenilazimisha ingekuwa rahisi," Kornelia akamjibu. "Ningekuwa na wa kumlaumu, na ningekata rufaa. Sasa anayenilazimisha ni mimi, na kwangu mimi hakuna rufaa."

Mzee mmoja kwenye benchi akaguna kwa mshangao, mae, mama huyu. Kornelia hakumsikia. Alikuwa amemgeukia Winfrida, akamwambia kwamba siku hiyo hamwombi kitu chochote, amekuja kurudisha tu. Kuomba ni siku nyingine, na jibu litakuwa lake, awe nalo la namna yoyote. Kisha akasaini. Mkono wake uliandika jina lote, Kornelia, na jina la mumewe, polepole kama mtoto wa darasa la pili.

Nje, Primus alimsubiri karibu na geti. Alikuwa amevaa koti lake la mlimani.

"Hata makande ulinipimia kama mtoto wa watu," akasema.

Mama yake alitaka kumwambia kwamba alimpimia kama mtoto, na kwamba hata hao wa watu walikuwa watoto. Alitaka kumwambia kwamba kila usiku wa miaka ile alikula kidogo ili yeye ashibe nyumbani, sahani ya nyumbani ikiwa yake kugawa na sufuria la shule si lake. Yote yalikuwa kweli. Alimpenda Primus kuliko wote, kila mtu anajua hivyo isipokuwa Primus. Akamwangalia anakwenda.

Baada ya wiki mbili Primus alihama na Stella na watoto, wakapanga vyumba viwili huko Moshi mjini. Stella alimkumbatia mkwewe mlangoni na kulia bila sauti, watoto wakauliza bibi naye anakuja lini. Aloisi akatangaza kwenye kila kilabu cha mbege kwamba shemeji yake ameuza kaburi la kaka yake kwa mwanamke aliyeachika. Msingi ukabaki pale na mawe yake. Winfrida hakuugusa, wala hakusema atafanya nini nao. Siku ya kupanda masale upya, mbele ya wazee, wanawake hao wawili walishika miche kila mmoja wake, wakapanda kwa mstari mmoja, kisha kila mmoja akaenda kwake.

Watu hudhani mtu akishasema kweli hulala usingizi mtamu. Uzushi mtupu. Kornelia alilala vilevile, vibaya, akigeuza magoti. Padre alimtolea mfano kwenye mahubiri bila kumtaja, na akina mama wa jumuiya wakamfuata nje ya kanisa kumpongeza, aika mama, asante, umetufundisha. Alitaka wamwache akae. Kulikuwa na nini cha kupongeza? Kurudisha cha mtu si ukarimu. Ni kama kumsifu aliyemaliza kula kwa kuosha sahani yake mwenyewe. Na uchungu wa mwanawe haukupungua hata chembe kwa sababu ya pongezi zao. Alipokuwa peke yake jikoni, mbele ya mtori wa mtu mmoja, alijiuliza kama angefanya tena. Jibu lilikuja lilelile kila mara, kavu, halina furaha: ndiyo. Kisha alikula, akaosha chungu.

Kitu kimoja kiliondoka, hata hivyo. Yale maneno ya asubuhi ya kufagia uwanja hayakuja tena. Ilimchukua karibu mwezi mzima kugundua kwamba hayaji.

Ikafika Novemba, mwezi wa marehemu. Vihambani kote watu walikuwa wanapalilia makaburi, wanapaka chokaa, wanapanga maua. Kaburi la Sirili sasa lilikuwa upande wa Winfrida, hatua sita toka kwenye masale. Magugu yalikuwa yamepanda hadi msalabani. Kornelia alivumilia siku mbili akiyatazama toka uwanjani kwake, ya tatu akachukua jembe dogo na fagio, akapiga hodi kwa jirani. Mikononi hakuwa na jani lolote.

Winfrida alitoka. Wakasalimiana. Kornelia akamwambia kwamba amekuja kuomba mambo mawili. La kwanza ni msamaha kwa hatua tisa, kwa baba yake aliyeulizia akafanywa mwongo, na kwa ile shikamoo aliyoiitikia. La pili ni ruhusa ya kusafisha kaburi. Akasema yote mawili hayashikani, anaweza kujibu moja akaacha jingine, au aache yote.

Winfrida alitazama kule kwenye magugu, kisha kwenye mibuni ya baba yake iliyokatwa mizizi. Ilionekana wazi kabisa kwamba alikuwa anatafuta ndani yake kama neno la kusamehe lipo.

"Leo hapana, Mama Pamela," akasema mwishowe. "Yote mawili. Sijui kesho. Leo hapana."

Hilo hapana, mbele ya watu wa nyumba ya Sirili, hakuna wa kwao Winfrida aliyewahi kulisema likasikika. Baba yake alilisema kwa magongo miaka minne.

"Sawa," Kornelia akamjibu. "Nikija kuuliza tena nitakukera?"

"Uliza. Siahidi."

"Usiahidi."

Wakaagana kwa heshima. Kornelia akachukua jembe na fagio lake, akatoka getini. Nyumba yake ilikuwa inaonekana palepale ng'ambo ya migomba, karibu mno, na magoti yalikuwa yanamwaka. Lakini kupita katikati ilikuwa ni kukanyaga kihamba cha mtu asiyemruhusu, kwa hiyo akazunguka kwa barabarani.